Likizo Kuruwitu Bila Kuliwa Arbuni: Bahari, Chakula na Pesa Kwenye Simu Yako

Juzi rafiki yangu wa chuo alituma picha akiwa Ugiriki. Nyumba nyeupe, bahari ya buluu, na sahani ya pweza wa kuchomwa aliyekamuliwa ndimu. Nikaangalia, nikapiga hesabu kidogo. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni Yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Hapo bado hujanunua tiketi ya ndege wala hujalipa hoteli. Nikaifunga simu.

Halafu nikajiuliza: hivi pweza si tunaye? Bahari je? Ukitoka Mombasa ukielekea Malindi, ukipita Mtwapa na Kikambala, utafika Vipingo. Hapo shuka, panda boda uelekee baharini, na baada ya muda mfupi uko Kuruwitu. Kuna matumbawe, kasa, wali wa nazi, na watu ambao hadithi yao ya bahari inajulikana hadi Umoja wa Mataifa. Viza huhitaji. Unahitaji mpango, adabu, na akili timamu wakati wa kubonyeza "Tuma".

Hiyo ya mwisho nimeiweka makusudi, manake mimi mwenyewe niliwahi kuibonyeza vibaya.

Jinsi nilivyopoteza elfu ishirini na nne

Ilikuwa Desemba. Tulikuwa sita, marafiki wa chama kimoja kidogo, na mimi ndiye mweka hazina kwa sababu "unafanya kazi kampuni ya malipo, wewe unajua mambo ya pesa." Tulipata nyumba ya kukodi kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni: vyumba vitatu, kidimbwi cha kuogelea, hatua chache kutoka baharini. Shilingi 16,000 kwa usiku. Usiku tatu ni 48,000. Mwenye nyumba akataka arbuni ya nusu, tena haraka, kwa sababu "kuna familia nyingine inaitaka." Tukachanga 4,000 kila mtu, zikawa 24,000, nikatuma.

Kabla pesa haijatoka, simu ilinionyesha jina la mpokeaji. Halikufanana hata kidogo na jina la yule niliyekuwa nikizungumza naye. Nikaliona. Nikajiambia labda ni mke wake. Nikaweka PIN.

Siku tisa baadaye tukashuka Vipingo na mabegi yetu. Nyumba ya kwenye picha ilikuwepo kweli, lakini haikuwa ya kukodi. Bawabu alitutazama kwa huruma, akasema sisi ni kundi la tatu mwezi huo. Namba ya "mwenye nyumba" ilikuwa imezimwa. Tulilala kwa shangazi yangu, sita kwenye mikeka sebuleni, na shangazi hakuuliza swali hata moja. Alipika tu. Pesa za wenzangu, 20,000, niliwarudishia mwenyewe, elfu nne kila mwezi kwa miezi mitano. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini mweka hazina ni mweka hazina.

Asubuhi iliyofuata shangazi akasema, "Haya, mmeshalia vya kutosha. Maji yatapwa saa nne. Twendeni baharini." Hapo ndipo nilipoijua Kuruwitu. Kwa hiyo makala hii ina mambo mawili: jinsi ya kufurahia pwani hii, na jinsi ya kufika ukiwa bado na pesa zako.

Kwa nini bahari ya Kuruwitu si ya kawaida

Mwaka 1998 joto la bahari lililoletwa na El Niño liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na pwani yetu iliumia. Ongeza hapo uvuvi wa kupita kiasi, nyavu zinazokokota kila kitu, na watu waliokuwa wakikusanya samaki wa rangi rangi wa kuuzwa nje kwa mapambo. Wazee wa Kuruwitu wakaona samaki wanazidi kupungua na wanazidi kuwa wadogo. Mvuvi akitoka alfajiri, anarudi na kitoweo cha siku moja tu.

Mwaka 2003 wanakijiji wakaunda chama chao, Kuruwitu Conservation and Welfare Association. Miaka michache baadaye wakafanya jambo ambalo jamii nyingine Kenya haikuwa imefanya: wakatenga sehemu ya bahari yao wenyewe, karibu hekta 30, wakasema hapa havuliwi kitu. Wenyewe wanaiita tengefu, yaani mahali palipotengwa. Hifadhi za serikali zilikuwepo tangu zamani, za Malindi na Watamu zilianza mwaka 1968. Lakini hii iliamuliwa na wavuvi wenyewe, watu wanaoitegemea bahari hiyohiyo kwa chakula cha jioni.

Fikiria uzito wa uamuzi huo. Ni kama mtu anayeishi kwa duka lake kufunga rafu nzima na kusema, "Hii tusiiguse, tuiache izae." Si wote walikubali mwanzoni, na huwezi kuwalaumu. Lakini samaki walirudi. Na samaki hawajui mpaka. Wakijaa ndani ya tengefu wanatoka nje, na huko nje ndiko wavuvi wanakowapata. Baadaye kazi ya kurudisha matumbawe yaliyokufa ikaanza, vipande vikikuzwa na kupandikizwa chini ya maji. Mwaka 2017 jamii hii ikapewa Tuzo ya Equator na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP.

Na ukitaka kujua kama wazo hili ni la kijijini tu, huko huko Ugiriki alikokuwa rafiki yangu, wavuvi wa kisiwa cha Amorgos nao waliomba wenyewe wasivue miezi ya Aprili na Mei, wakati samaki wanazaana, na baadhi ya maeneo yatengwe. Mvuvi ni mvuvi popote. Bahari ikiisha, anayejua wa kwanza ni yeye.

Hii inahusu vipi pesa zako? Inahusu sana. Unapolipa ada ya mgeni na kumlipa kijana wa kijiji akuongoze majini, unakuwa sehemu ya sababu ya tengefu kuendelea kulindwa. Samaki aliye hai aliyeangaliwa na wageni mia analeta pesa mara mia. Aliyevuliwa ameuzwa mara moja tu. Lakini hesabu hiyo inafanya kazi ikiwa pesa imefika mahali pake.

Panga siku yako kwa maji, si kwa saa

Kosa la wageni wengi, hasa sisi wa kutoka Nairobi, ni kufika baharini saa tunayotaka sisi. Bahari ina ratiba yake. Maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpya au mpevu kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika karibu mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Kuruwitu wakati mzuri wa kuingia kutazama matumbawe na samaki kwa miwani ya maji ni wakati maji yamepwa, kukiwa na utulivu ndani ya mwamba. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, piga simu uulize: "Siku hizo maji yanapwa saa ngapi?" Swali hilo moja litakuokoa usilipie siku ambayo maji yatapwa usiku wa manane.

Msimu nao una maana. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi na maji maangavu. Mvua za masika, Aprili hadi Juni, na upepo wa kusi huchafua maji. Bei za nyumba nazo hufuata msimu: Desemba na Pasaka ziko juu, na miezi ya masika unaweza kuomba upunguziwe bila aibu.

Ukiwa majini, sheria ni chache na hazina mjadala. Usikanyage matumbawe, usiyashike. Yale si mawe, ni viumbe hai. Usimfukuze kasa. Usiokote makombe, hata lile moja zuri la kumpelekea mama. Vaa viatu vya maji, kuna viumbe wenye miiba ambao hawana msamaha. Na chupa za plastiki za kutumia mara moja ziache nyumbani. Tangu Juni 2020 zimepigwa marufuku kwenye maeneo yaliyohifadhiwa nchini, fuo zikiwemo.

Chakula: pweza wa nini Ugiriki?

Siku ya kwanza kwa shangazi tuliamkia mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi. Kama hujawahi, nisikilize: hamri moja unalikata katikati, unalichovya kwenye mbaazi, na kuanzia hapo mkate wa dukani hautakuridhisha tena.

Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, yaani samaki aliyechomwa kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju na viungo. Ukipata pweza wa nazi usimwache. Kama unataka chakula cha nyumbani hasa, cha Mijikenda, omba sima na samaki na mchunga, mboga chungu kidogo ambayo wazee husema inasafisha mwili. Jioni kando ya barabara Vipingo utapata viazi karai, bhajia, mishkaki na ukwaju wa kumwagia juu. Mtoto wako atataka mabuyu. Mpe, lakini jua ulimi na nguo vitakuwa vyekundu.

Na madafu. Dafu linyewe pale pale, kisha mwombe muuzaji alipasue ule nyama yake kwa kijiko cha gamba. Kuna pia mnazi, tembo la mnazi linalogemwa asubuhi na jioni na kunywewa mangweni. Ni sehemu ya utamaduni wa hapa, lakini ukinywa, simu yako mpe mtu asiyekunywa. Nasema hivi kama mtu wa malipo: PIN na mnazi havikai pamoja.

Angalizo moja la pesa. Ukitaka samaki wa kuagiza, uliza bei kabla hajaingia jikoni, na uliza kama bei ni ya samaki mzima au ya kilo. Pwani hii si ugomvi wala si kumdharau mtu. Ni mazungumzo ya kawaida: "Dada, samaki huyu na wali ni ngapi kwa watu wawili?" Ukishakubaliana, lipa bila kunung'unika.

Utamaduni: ingia kama mgeni, utatoka kama mtoto wa nyumbani

Watu wa hapa wengi ni Mijikenda: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana na ndugu zao. Salamu inakuja kabla ya shida yako. Ukimkuta mzee, "Shikamoo mzee," subiri "Marahaba," halafu ndipo uulize njia. Ukiruka hatua hiyo utaonyeshwa njia, ndiyo, lakini hutaonyeshwa mahali pazuri.

Nguo za kuogelea ni za baharini. Ukirudi kijijini, jifunge leso. Picha za watu ziombwe kwanza, hasa kina mama na watoto.

Ukiwa na nusu siku ya ziada, nenda Jumba la Mtwana pale Mtwapa, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, misikiti na nyumba za matumbawe zikiangalia bahari. Ukiwa na siku nzima, nenda Gede karibu na Watamu, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Misitu ya kaya za Mijikenda ilitangulia kuingizwa mwaka 2008. Kaya si bustani ya kupiga picha. Ni mahali patakatifu, na unaingia kwa ruhusa na maelekezo ya wazee.

Na mtu akikuletea kigango akuuzie, yaani ule mti uliochongwa, kataa. Vigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu wa Kigiriama. Vingi viliibwa na kuishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri ng'ambo, na mwaka 2019 vingine 30 vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho ya Denver, Marekani. Si zawadi ya kubeba. Nunua ukili, vikapu, leso, achari. Kuna vingi.

Bajeti yetu, shilingi kwa shilingi

Mwaka huu mimi na binamu yangu tulirudi Kuruwitu, siku tatu na usiku mbili. Hii ndiyo hesabu ya mtu mmoja tuliyopanga kutoka Nairobi. Bei hubadilika, kwa hiyo ichukue kama mfano wa jinsi ya kupanga.

Treni daraja la kawaida, kwenda na kurudi: 3,000
Matatu na boda, kutoka stesheni ya Mombasa hadi Vipingo na kurudi: 1,200
Chumba cha 3,000 kwa usiku, tukigawana wawili, usiku mbili: 3,000
Chakula siku tatu: 2,400
Bahari (ada ya mgeni, kiongozi, miwani ya maji): 1,500
Jumba la Mtwana na usafiri wa huko: 600
Dharura: 1,500
Jumla: 13,200

Sasa gawanya 13,200 kwa wiki 12. Unapata 1,100 kwa wiki. Tuliziweka kwenye akaunti ya akiba ya simu, ile iliyofungwa hadi tarehe fulani, kila Ijumaa kabla Ijumaa haijaanza kutumia pesa zetu. Wiki ya 12 ilipofika, likizo ilikuwa imeshalipiwa kabla hatujaondoka.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu nimeona watu wakifuliza likizo. Fuliza ilipokuja mwaka 2019 ilikuwa ya kukuokoa ukipungukiwa na nauli au unga, na inasaidia kweli. Lakini ada yake inahesabiwa kwa siku. Dafu la leo halina haja ya kukugharimu hadi mwisho wa mwezi.

Arbuni: maswali matano kabla ya kutuma

Arbuni yenyewe si ubaya. Mwenye nyumba anahitaji uhakika kwamba utakuja. Shida ni kutuma kwa mtu usiyemjua, kwa haraka, kwa namba ya kibinafsi. Siku hizi mimi hujibu maswali haya matano kwanza.

Moja: Je, jina linalotokea kwenye simu linafanana na jina la biashara au la mtu ninayeongea naye? Kama halifanani, simama. Usimtafutie sababu kama nilivyofanya mimi. Muulize, na jibu lake lithibitishwe.

Mbili: Je, ana namba ya Till au Paybill? Si kila mwenye chumba kimoja kijijini anayo, na hilo si kosa. Lakini mtu anayejitangaza kuwa na nyumba ya 16,000 kwa usiku na hana njia yoyote ya kibiashara ya kupokea pesa, jiulize kwa nini.

Tatu: Je, anaweza kunipigia simu ya video sasa hivi akiwa ndani ya nyumba? Picha zinaibwa. Ni vigumu zaidi kuiba video inayopita jikoni ukimwambia, "Hebu fungua hilo kabati."

Nne: Je, ana leseni? Nyumba na hoteli za wageni Kenya zinatakiwa kusajiliwa na Tourism Regulatory Authority, na kaunti nayo hutoa kibali cha biashara. Omba picha ya kibali, usome jina na tarehe.

Tano: Je, kuna mtu aliye karibu anayeweza kuthibitisha? Kama una shangazi Vipingo, una bahati. Kama huna, pigia duka, mgahawa au kikundi cha kijiji, uulize tu, "Nyumba fulani inakodishwa?" Bawabu aliyetuhurumia angetuambia ukweli kwa simu ya dakika moja.

Na ukiambiwa "tuma sasa, kuna mwingine anaitaka," mwachie huyo mwingine. Haraka ndiyo silaha yao kubwa.

Ukifika: njia ipi ya kulipa?

Duka na mgahawa wenye Till: tumia Till. Jina la biashara linaonekana, rekodi inabaki, na kwa kawaida mnunuzi hakatwi ada.

Mama wa viazi karai, mwenye boda, muuza madafu: wengi wana Pochi la Biashara au namba zao wenyewe. Hapa hakuna ubaya, uko naye uso kwa uso. Kwenye M-Pesa kutuma hadi shilingi 100 ni bure, kwa hiyo dafu na boda fupi hazina gharama ya ziada. Kwa kubwa zaidi, ongeza ile ada mwenyewe usimkate yeye. Na usiondoke kabla meseji haijaingia kwenye simu yake. Wafanyabiashara hawa wameshaonyeshwa meseji bandia na wageni waliovaa vizuri kuliko wewe. Akikuomba usubiri, si kwamba hakuamini, ameumwa na nyoka.

Hifadhi na makumbusho ya serikali: malipo hupitia eCitizen, na Paybill ya serikali ni 222222. Mtu akisimama langoni akuambie utume kwa namba yake "mtandao uko chini," mwambie utasubiri.

Ada ya tengefu na kiongozi wa majini: lipa kwa kikundi chenyewe, kwa njia wanayokuonyesha, na uombe risiti au meseji. Ukimlipa mtu yeyote aliyekukuta ufuoni, huenda ukaogelea vizuri tu, lakini wale wanaolinda matumbawe hawatapata kitu.

Halafu beba pesa taslimu kidogo, noti ndogo ndogo. Mtandao hupotea, betri huisha, na simu na maji ya chumvi hawaelewani. Mfuko wa plastiki mzito wa kufungia simu na kifaa cha kuchajia ni bei ndogo kuliko simu mpya.

Ikiharibika

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, usimpigie mpokeaji kwanza. Omba kurudishiwa mara moja. Kwa M-Pesa, unatuma ile meseji ya muamala kwenda 456. Mitandao mingine ina huduma yake ya wateja. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni shughuli nyingine.

Ukiibiwa kwa ulaghai, kama mimi, fanya mambo matatu siku hiyohiyo: ripoti kwa mtandao wako (Safaricom hupokea ripoti za ulaghai kwa 333), nenda kituo cha polisi uchukue namba ya OB, na uhifadhi kila kitu: meseji, picha za skrini, namba, ukurasa wenyewe kabla haujafutwa. Mimi nilifanya haya baada ya siku tisa. Pesa haikurudi. Lakini ripoti yangu ilikuwa na namba, na namba hiyo ikifika mara tatu mahali pamoja, kuna mtu atauliza.

Na jambo la mwisho, hili ni la moyoni. Nilipoliwa niliona aibu kusema, hasa kazini. Walaghai wanaitegemea sana aibu hiyo. Lile kundi la kwanza na la pili lililofika kwa bawabu kabla yetu lingeandika maneno mawili chini ya ule ukurasa, sisi tusingetuma. Kwa hiyo ukiliwa, sema.

Siku tuliyorudi mwaka huu, maji yalipwa saa tatu asubuhi. Kijana aliyetuongoza alituonyesha matumbawe machanga yaliyopandikizwa, madogo kama vidole. Nikamuuliza yatachukua muda gani kuwa makubwa. Akacheka, "Dada, haya si mahindi. Ni ya wanangu." Tukatoka majini, nikamlipa, meseji ikaingia kwake, akaisoma, akaniambia asante. Shangazi alikuwa anatusubiri na mbaazi.

Ukipanga safari yako, hifadhi yale maswali matano kwenye simu. Na kama kuna mtu kwenye kundi lenu la WhatsApp anayechangisha arbuni ya Desemba sasa hivi, mtumie makala hii kabla hajaweka PIN.